Tumkumbuke Bibi Titi Mohamed, 1926–2000



Kurasa zilizotangulia zimeeleza habari za kikundi chetu tangu kilipoanza mpaka leo hii kinapotimiza miaka 10. Kamati ya maadhimisho iliona si vizuri tujisifu wenyewe tu, kana kwamba jambo hili la akina mama kuchanga na kushikana mikono tumelibuni sisi. Huu mtindo wa VICOBA, wa hisa na sanduku lenye kufuli tatu, chimbuko lake ni nchi ya Niger mwaka 1991, na kwetu ukaingia baadaye. Lakini upatu bibi zetu waliucheza zamani sana, na vyama vya akina mama vilikuwepo hapa Dar es Salaam kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika wote waliotoka kwenye vyama vile, aliyefika mbali kabisa ni marehemu Bibi Titi Mohamed. Huyo ndiye tunayetaka kumkumbuka.

Hasa tumewafikiria vijana. Binti zetu wanatoka Mbagala, Tandika na Manzese kwenda mjini, wanapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed pale Mnazi Mmoja, na ukimuuliza mmoja wao huyo bibi ni nani, atakwambia ni jina la barabara. Sasa jamani, barabara haipewi jina bure. Pale palipita mtu mzima, mwanamke mwenzetu, aliyepanda sana, akaanguka sana, kisha akainuliwa tena akiwa mzee. Maisha yake yana mafunzo kwa kikundi kama hiki chetu, mengine matamu na mengine machungu.

MTOTO WA MJINI

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Asili ya ukoo wake ilikuwa Rufiji, kama ilivyo kwa familia nyingi za huku kwetu Temeke. Alilelewa katika malezi ya Kiislamu na ya mjini, akasoma mpaka darasa la nne. Kwa mtoto wa kike wa wakati ule hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kuonewa wivu, maana wengi hawakulipata hata darasa la kwanza. Kisha, kama ilivyokuwa ada, aliozwa angali msichana mdogo, na ndoa ile haikudumu. Aliolewa tena baadaye.

Zamani zile mji ulikuwa na koo zake maarufu. Kulikuwa na ukoo wa Sykes, ambao mzee wao Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Wanawe, Abdulwahid na Ally, wakawa mstari wa mbele katika TAA na baadaye TANU. Kulikuwa na ukoo wa Plantan. Hizi zilikuwa nyumba za watu waliosoma, waliofanya kazi serikalini au kuwa na biashara, na majina yao yalijulikana Kariakoo na Gerezani nzima.

Bibi Titi hakutoka katika koo hizo. Hakuwa binti wa chifu wala wa tajiri. Leo jina lake ni kubwa, na wa ukoo wake wanaringa nalo, wana haki. Lakini tujue kwamba jina hilo alilitengeneza mwenyewe, na alilitengenezea mahali ambapo wakubwa hawakupatazama: katika ngoma za akina mama.

NGOMA HAIKUWA MCHEZO TU

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo palipo na jambo lenyewe.

Ukisema ngoma leo, mtu anafikiria spika na kelele za usiku. Ngoma za akina mama wa pwani, kama lelemama, zilikuwa na taratibu zake. Kila kikundi kilikuwa na jina lake, viongozi wake na vyeo vyake, na sare zake. Kila mwanachama alitoa mchango wake. Mmoja wao akipata harusi, wenzake walikuja kupika na kucheza. Akifiwa, walikuja kukaa matanga na kusaidia. Vikundi vilishindana kwa nyimbo na kwa mavazi, na mashindano hayo yaliwafanya viongozi wake wajue sana kukusanya watu, kukusanya fedha, na kutunza siri ya kikundi.

Si Dar es Salaam peke yake. Mombasa nako vyama vya lelemama vilikuwa na nguvu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya akina mama wa huko walianza kuanzisha vyama vya kutafuta elimu na maendeleo. Mwambao wote akina mama walikuwa na shule hii isiyo na ubao wala chaki.

Bibi Titi alikuwa katika kikundi kilichoitwa Bomba, naye alikuwa mwimbaji wake. Sauti alikuwa nayo. Mwimbaji katika ngoma si mtu mdogo. Ndiye anayelianzisha neno na wengine wakalipokea, ndiye anayejua lini pa kuchangamsha na lini pa kutuliza, na ndiye anayejulikana hata na vikundi vingine. Kwa hiyo hata kabla ya siasa, Titi wa Bomba alikuwa mtu wa kusikilizwa mitaani.

KADI NAMBA 16

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mume wa Bibi Titi wa wakati huo, Bwana Boi Selemani, alichukua kadi namba 15, na Bibi Titi akachukua namba 16. Angalia hesabu hiyo vizuri: namba 16 katika chama ambacho baadaye kilikuwa na watu mamia ya maelfu.

Lakini akina mama wengine walikuwa bado. Inaelezwa kwamba mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka Uingereza, Bwana John Hatch wa chama cha Labour, akakutana na viongozi wa TANU. Katika mazungumzo akawauliza: wanawake wenu wako wapi? Lilikuwa swali zito, maana sehemu ya wanawake haikuwepo. Hapo ndipo wakaanza kutafuta mwanamke wa kuwaongoza wenzake, na Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji, akamtaja Bibi Titi.

Bibi Titi hakuwa amewahi kusimama jukwaani kuzungumza siasa. Alichofanya ni kutumia njia aliyoijua. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, akawaeleza habari za chama, kisha kila kiongozi akawaita watu wake. Si unajua mambo ya vikundi? Ukimpata mwenyekiti umewapata wote. Pamoja naye alikuwepo Bi. Tatu binti Mzee, ambaye naye alifanya kazi kubwa. Katika muda wa miezi michache tu mwaka ule wa 1955, akina mama zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga na TANU.

Tupime ukubwa wa jambo hilo. Sensa ya mwaka 1957 iliukuta mji wa Dar es Salaam una watu wapatao 128,000, wanaume, wanawake na watoto, wa rangi zote. Kupata akina mama 5,000 katika mji wa namna hiyo, bila simu, bila redio za kutosha, kwa kutembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, ni kazi ambayo wasomi wa chama hawakuwa wameiweza.

WALIPOFUNGWA MDOMO WANAUME

Kuna sababu nyingine iliyofanya akina mama wawe muhimu, na mara nyingi husahauliwa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Basi wanaume wengi waliosoma, makarani, walimu wa serikali na waganga, walijikuta wamefungwa mdomo. Akionekana mkutanoni, kazi ilikuwa hatarini. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi mwaka 1955 aache kazi ya kufundisha kule Pugu ili apate nafasi ya kukitumikia chama.

Akina mama wengi hawakuwa na kazi ya serikali ya kunyang'anywa. Walikuwa wauza vitumbua na maandazi, wapika pombe, washonaji, wenye vyumba vya kupangisha, wake wa nyumbani. Unyonge wao ukageuka nguvu. Mama angeweza kubeba kadi za chama ndani ya khanga akazigawa, angeweza kwenda mkutanoni badala ya mume wake mwenye kazi ya serikali, angeweza kumpokea mgeni wa chama nyumbani kwake na jirani akadhani ni shemeji kutoka shamba.

Na fedha za chama zilitoka wapi? Zilitoka kwenye vishilingi hivi hivi, kwa watu wenye senti za vitumbua. Wanaodhani vyama vikubwa hujengwa na watu wenye fedha nyingi waje waisome habari hii.

Bibi Titi alisafiri sana na Mwalimu kwenda majimboni. Alizungumza Kiswahili chake cha mjini, kitamu na chenye mafumbo ya ngoma, na watu walikielewa. Kwa wengi huko ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamke wa Kiafrika anasimama mbele ya umati wa wanaume na wanaume wanyamaze kumsikiliza.

Lakini ulipofika uchaguzi wa mwaka 1958, sheria ya wakoloni ilitaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la 12, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au cheo kinachotambuliwa. Wakina mama wangapi wa vitumbua walikuwa na shilingi 3,000 kwa mwaka? Wengi waliokijenga chama walibaki pembeni wakitazama wenzao wakipiga kura. Hawakununa wakaacha chama. Waliendelea mpaka bendera ikapanda tarehe 9 Desemba 1961.

KATIKA VITI VYA MBELE

Baada ya Uhuru Bibi Titi alifikia vyeo ambavyo mwanamke wa darasa la nne hakuvitegemea. Aliingia Bungeni na akawa Waziri Mdogo. Mwaka 1962 ilipoundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, mji wetu wa Dar es Salaam ulipokea wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakaunda umoja wao wa bara zima. Ile Siku ya Mwanamke wa Afrika, tarehe 31 Julai, inatokana na mkutano ule uliofanyika hapa hapa kwetu.

Mwaka 1965 ukaja uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wawili kila jimbo. Bibi Titi alisimama Rufiji akashindwa. Hakuwa peke yake. Hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa kule kwao Mwanza. Huo ulikuwa mtikiso wa kwanza, na bado alibaki katika uongozi wa chama.

HABARI YA NYUMBA ZA KUPANGISHA

Sasa tunafika mahali pagumu, na hatutaki kuparuka.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake kulikuwa na masharti ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu ya TANU.

Wapo waliomlaumu wakati ule na wapo wanaomlaumu hata sasa, wakisema alipenda mali. Tuwe wa haki kwa pande zote. Masharti yale yalikuwa na sababu. Uhuru ulikuwa na miaka mitano tu, na tayari baadhi ya viongozi walikuwa wameanza kujilimbikizia, na mwananchi wa kawaida alikuwa anaona. Mwalimu alitaka kiongozi afanane na watu wake. Hilo ni jambo la heshima, na wengi wetu tunalililia mpaka leo.

Lakini tutazame na upande wa mwanamke wa mjini. Mwanamume aliyesoma akiacha uongozi anarudi kazini, au anapata pensheni. Mwanamke wa darasa la nne, ambaye ndoa inaweza kumwacha wakati wowote, pensheni yake ni nini? Ni chumba. Huku Temeke na Kinondoni kila mtu anamjua bibi fulani ambaye uzee wake wote umeegemea vyumba viwili vya uani. Ukimwambia achague kati ya cheo na chumba, unamwambia achague kati ya heshima ya leo na chakula cha kesho. Kwa mwanamke kama huyo sharti lile lilikuwa zito kuliko kwa karani mwenye mshahara, na sijui kama waliolitunga walilitazama kwa upande huo.

Ndiyo maana katika kikundi chetu tunasisitiza kila mwanachama awe na kitu kwa jina lake mwenyewe. Iwe hisa, iwe kiwanja, iwe cherehani. Si uchoyo.

KESI NA KIFUNGO

Mwezi wa Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na watu wengine, wakiwemo aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na baadhi ya maofisa wa jeshi. Walishitakiwa kwa uhaini, yaani kula njama za kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa mpango huo alikuwa Oscar Kambona, aliyekuwa tayari anaishi Uingereza. Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Georges mwaka 1970, na hukumu ikatoka mwaka 1971. Bibi Titi, aliyekuwa akikana mashitaka, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

Sisi hatukuwa mahakamani na hatuandiki hapa kuirudia kesi. Tunalotaka kulisema ni lile linalotuhusu sisi akina mama. Alipokuwa jela mume aliyekuwa naye wakati huo alimpa talaka. Alipotoka alirudi katika mji ule ule alioukusanya mwenyewe nyumba kwa nyumba, na milango mingi ilikuwa imefungwa. Watu waliogopa. Jina lake halikutajwa tena majukwaani. Mtoto aliyesoma shule miaka ya 1970 angeweza kumaliza masomo yake yote ya historia ya TANU asisikie kwamba kulikuwa na mwanamke mwenye kadi namba 16.

Fikirini wale akina mama zaidi ya 5,000. Wengi walikuwa hai. Wengine walikuwa majirani zake. Woga wa wakati ule tunauelewa, na si rahisi kuwahukumu. Lakini ni somo kali. Watu walimfuata kwa maelfu alipokuwa akiimba, na alipolia, waliobaki wangehesabika.

UZEE NA KURUDISHWA

Bibi Titi aliishi uzee wake kimya, hapa hapa Dar es Salaam. Hatukusikia kwamba alikwenda huku na huku kutukana watu. Miaka ilivyokwenda, mambo yakaanza kulainika. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, magazeti yalimkumbuka tena kuwa shujaa wa mapambano yale. Wataalamu wa historia nao wakamfuata kumsikiliza. Mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa na Bibi Titi na akina mama wengine wa TANU, akayaandika maneno yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Ni kwa kazi kama hiyo ndiyo habari za Bomba na za ngoma nyingine hazikupotea.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi akamfuata mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, akiwa hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 74. Waliosimama pamoja Mnazi Mmoja wakiwa vijana wakaondoka wakifuatana.

Barabara kubwa ya katikati ya mji, ambayo zamani iliitwa UWT, ikapewa jina lake. Yaani jina la jumuiya aliyokuwa mwenyekiti wake wa kwanza likapisha jina la mwenyekiti mwenyewe.

SISI TUNAPATA NINI

Ndugu zetu, kumkumbuka mtu bila kujifunza kwake ni kama kupika bila kula. Kamati imeona mambo matatu, nayo inayaweka mbele yenu.

La kwanza, tusikidharau kikundi. Wapo wanaosema hivi vikundi vya akina mama ni vya umbea na sare za vitenge. Waambieni kwamba TANU ilipohitaji watu haikuwapata kwenye ofisi, iliwapata kwenye vikundi vya sare. Anayejua kukusanya akina mama 30 kila Jumamosi, wakafika kwa wakati, wakatoa fedha zao na hesabu ikalingana, huyo ni kiongozi, hata kama hana cheti.

La pili, tuandike. Akina mama walioijaza TANU mwaka 1955 walikuwa zaidi ya 5,000, na majina tunayoyajua leo hayajazi hata ukurasa mmoja. Tunamjua Bibi Titi, tunamjua Tatu binti Mzee, na wachache wengine. Waliobaki walikwenda na majina yao. Daftari letu la mahudhurio si karatasi ya kufungia vitumbua mwaka ukiisha. Litunzwe, na ndani yake yaandikwe majina matatu, ya mama, ya baba na ya babu, ili mjukuu akija kuuliza apate jibu.

La tatu, nalo ndilo tunaloomba lijadiliwe katika mkutano mkuu baada ya sherehe hizi. Katika vikundi vingi mwenzetu akikwama, akishindwa kurejesha mkopo, akaachwa na mume, akapata kesi au ugonjwa wa aibu, kinachofuata ni mstari juu ya jina lake. Anakatwa. Watu wanaanza kupita njia nyingine wasikutane naye. Fedha za kikundi ni lazima zilindwe, hakuna anayebisha, na deni ni deni. Lakini kufuatilia deni ni jambo moja na kumtupa mtu ni jambo lingine. Kamati inapendekeza katiba yetu iongezwe kifungu kwamba mwanachama yeyote aliyeanguka, kwa sababu yoyote ile, atembelewe na wenzake wasiopungua watatu na asikilizwe kabla ya kikao kuzungumza habari ya kumfuta. Na hata akifutwa kwenye hisa, asifutwe kwenye mfuko wa misiba na maradhi kwa muda wa mwaka mzima.

Wapo watakaosema jambo hili litatugharimu. Ni kweli, litatugharimu, na ndiyo maana tunaomba lijadiliwe, lisipitishwe kwa makofi. Lakini wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Bibi Titi aliwafaa wenzake, na dhiki ilipomfika yeye hakukuwa na kifungu chochote cha katiba kilichowalazimisha wenzake wabishe hodi kwake. Sisi tunaweza kukiandika sasa, wakati hakuna kati yetu anayejua zamu ya nani itafuata.

 Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed, pamoja na akina mama wote wa ngoma za zamani ambao majina yao hatukuyapata. Na sisi atujalie miaka mingine 10 yenye amani na hesabu zilizonyooka.

Kamati ya Maadhimisho